Kengele ya Dakika Nne

Lorna Pascoe alikaa upande wa upinzani miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakushinda kura hata moja. Si kura za wananchi. Hizo alizipata kwa magunia kila baada ya miaka minne, maana watu wa jimbo lake la Wirrapinna wangekipa chama chake kura hata kama kingewasimamishia kondoo. Ni kura za bungeni. Kengele hulia dakika nne, milango hufungwa, wanaosema ndiyo huketi kulia kwa Spika na wanaosema siyo huketi kushoto, vichwa huhesabiwa, na upande wa Lorna hushindwa. Kisha watu hurudi vitini mwao kusinzia.

Mwaka wa kwanza iliuma. Ulipopita mswada wa maji ya mto, ule uliowanyima wakulima wa kwao nusu ya mgawo, alijifungia chooni akalia mpaka wanja ukamtiririka. Mwaka wa tano alikuwa halii tena. Mwaka wa kumi aliweza kusimama, akanguruma dakika kumi juu ya jambo analoliamini kabisa, akakaa, akashindwa, akatoa mkate wake wa jibini mkobani na kuula. Watu waliuita ukomavu. Haukuwa ukomavu wowote, alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Mumewe, Colin, aliyebaki shambani na ng'ombe wa maziwa, alimpigia simu kila jioni ya kikao na swali lake lilikuwa lile lile.

"Mmeshinda?"

"La."

"Basi kesho."

Ulikuwa mzaha wa siku za mwanzo za ubunge. Ukaendelea hadi wote wawili wakasahau kwamba ni mzaha.

Viongozi watano wa chama walikuja na kuondoka, kila mmoja akiwa na tai mpya na mpango mpya wa kuingia madarakani. Lorna hakupewa uongozi. Alipewa unadhimu, kazi ya kuhesabu watu na kuwachunga, na aliifanya vizuri kuliko yeyote aliyemtangulia. Alijua nani ana goti bovu na aanze kutembea mapema kengele ikilia, nani huzidisha divai mchana, nani hujificha maktaba. Tena alishika daftari la jozi.

Jozi haimo katika sheria yoyote. Mbunge wa upande mmoja akiugua au akifiwa, upande wa pili nao humtoa mtu wake mmoja akae nje ya ukumbi, ili pasiwe na anayefaidi msiba wa mwenzake. Wanadhimu wawili hukubaliana kwa mdomo, kila mmoja huandika jina daftarini mwake, na yameisha. Hakuna muhuri wala shahidi. Ukivunja, hakuna polisi atakayekuja. Ila hutaaminiwa tena hata ukisema leo ni Jumanne.

Mnadhimu wa serikali alikuwa Vasili Kanellos, mwana wa muuza samaki, mnene, mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Kwa miaka kumi na miwili yeye na Lorna walitukanana kwa heshima zote na hawakuwahi kudanganyana. Jumatatu moja ya Agosti akapiga simu.

"Bibi kizee, bado u hai?"

"Niko hai, tumbo we. Unataka nini?"

"Jozi. Wiki nzima."

Bunge zima lilijua kwamba Voula, mke wa Vasili, yuko katika nyumba ya wagonjwa wasiotibika.

"Wamekuambiaje?"

"Siku chache. Labda Ijumaa haioni."

"Imekubaliwa. Nitakaa nje mimi mwenyewe."

"Ah, si lazima wewe. Mtoe yule kijana wenu anayekoroma, hata mkimtoa hamtajua kama katoka."

"Nimesema mimi. Kata simu, nenda kwa mkeo."

Akaandika daftarini: Kanellos na Pascoe, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku hiyo jozi haikumgharimu chochote. Serikali ilikuwa na wingi wake, na upinzani ungeshindwa na Lorna ndani au Lorna nje.

Mambo yakageuka Jumatano mchana. Uliokuwa mezani ni mswada wa kuunganisha hospitali za mashambani, na kwa lugha ya serikali kuunganisha ni kufunga. Wodi ya wazazi ya Wirrapinna ilikuwamo. Lorna alizaliwa katika wodi ile, na wanawe wawili aliwazalia pale pale, mkunga yule yule. Ikifungwa, mama mwenye uchungu angesafiri kilomita mia na kumi mpaka Port Tarrant, barabara ya malori na kangaruu. Alikuwa amekwisha kuhutubia mara tatu kuupinga. Alikuwa pia amekwisha kuuhesabu, na hesabu ilimwambia utapita.

Kumbe kulikuwa na Trevor Gosse. Huyu alikuwa mkulima wa ngano asiye na chama, aliyeiunga mkono serikali miaka mitatu kwa sababu ya daraja alilojengewa. Jumatano wakati wa chakula alimfuata kiongozi wa upinzani, uso umemwiva, mswada umekunjwa mkononi kama gazeti la kuulia nzi. Alikuwa ameusoma kwa mara ya kwanza. Katika ukurasa wa mia na kumi na mbili alikuta hospitali ya kwao.

Hesabu mpya haikuhitaji mashine. Gosse akihamia upinzani, na Vasili akiwa kando ya kitanda cha mkewe, serikali ina watu ishirini na wawili ukumbini na upinzani ishirini na watatu. Lakini huyo wa ishirini na tatu ni Lorna. Akikaa nje, ni ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Kura zikilingana Spika huamua, na Spika ni mtu wa serikali.

Brodie Hallam, kiongozi wa sita, mwanasheria wa mjini mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, aliingia ofisini kwa Lorna bila kubisha hodi. Akafunga mlango kwa kisigino.

"Unaingia," alisema.

"Nina jozi."

"Lorna. Sikiliza, mama yangu. Tunashinda. Umeshawahi kushinda wewe? Hata mara moja?"

"Sijawahi."

"Basi leo. Kengele ikilia unatembea, unakaa, unahesabiwa. Nani atakukamata? Si sheria ile, ni desturi ya wazee waliokufa."

"Vasili hajafa."

"Vasili hata hatajua saa ngapi tumepiga kura. Yuko na mke wake maskini."

"Ndiyo maana," Lorna alisema.

Brodie alicheka kwa pua. Akaketi juu ya pembe ya meza, akashusha sauti kama anayembembeleza mtoto ale.

"Wodi ni ya kwenu, si ya kwangu. Mimi watoto wangu walizaliwa mjini, chumba chao peke yao, na televisheni. Utawaambia nini watu wako? Kwamba ulikuwa na kura mfukoni ukaikalia?"

"Nilimpa neno."

"Ulimpa neno Jumatatu, wakati lilikuwa halina thamani."

Hapo alisema kweli, na Lorna alijua kwamba ni kweli. Alisubiri kitu kimchome. Hakikuchoma. Alimtazama Brodie mdomo ukienda, akaona kwamba mchana amekula mchicha.

"Na nikuambie jambo la mwisho," Brodie alisema akisimama. "Kura za maoni za kuteua wagombea ni mwezi wa kumi. Mwaka huu mimi sitampigia mtu simu kumwombea kiti. Umenielewa?"

"Nimekuelewa tangu ulipoingia."

Saa tisa na dakika ishirini kengele ikalia. Juu ya saa ya ukutani taa ndogo ya kijani ikaanza kuwaka na kuzima. Toka meza ya Lorna hadi mlango wa ukumbi ni hatua arobaini na sita. Alikuwa amezihesabu zamani, kwa ajili ya wenye magoti. Dakika nne zinatosha kwenda na kurudi mara tatu.

Aliwasha birika.

Dakika ya kwanza alisikia viatu vikipita koridoni, na sauti ya Gosse ikisema, "Wapi tunakaa sisi? Sijawahi kukaa upande huu." Dakika ya pili maji yakachemka. Akamimina, akatia maziwa. Alifikiria Voula, ambaye alikutana naye mara nne tu, na kila mara Voula alimfungia kitu cha kula kwenye karatasi aende nacho. Alifikiria wodi, pazia zake za maua ya bluu. Aliweka vyote viwili mbele yake na kungoja kimoja kimvute, na hakuna kilichomvuta. Dakika ya tatu akajiuliza swali ambalo hakulipenda. Je, ameketi hapa kwa ajili ya neno lake, au kwa ajili ya mazoea? Mtu aliyeshindwa miaka kumi na tisa, akifunguliwa mlango wa kushinda, miguu yake itajua njia?

Kengele ikanyamaza. Akasikia milango ikifungwa, akanywa chai yake, ilikuwa bado moto.

Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Spika akaamua.

Mbele ya kamera Brodie Hallam alisema kwamba chama chake kinaheshimu msiba wa kila familia. Jioni hiyo hiyo, kwa simu, aliwaambia wenyeviti wa matawi mambo mengine kabisa.

Colin naye alipiga, kama kawaida.

"Mmeshinda?"

"La," Lorna alisema. "Ingewezekana."

Mwanamume yule, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, siku hiyo hakusema "basi kesho". Alisema ng'ombe mmoja anachechemea, akaaga.

Voula alifariki Ijumaa alfajiri, Vasili akiwa amemshika mkono. Siku ya arobaini Lorna alikwenda kanisani kwao, akasimama nyuma, akapokea kifurushi chake cha ngano iliyochemshwa na sukari na komamanga kama wengine. Vasili alimfuata nje kwenye maegesho. Alikuwa amepungua, koti linamning'inia.

"Nilisikia kuhusu Gosse," alisema. "Jumatano ile hawakuniambia. Waliogopa ningemwacha mke wangu nije kupiga kura."

"Ungekuja?"

"Sijui. Labda. Lorna, nikuambie kweli?"

"Lini umeniambia uongo?"

"Ningekuwa wewe ningeingia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wodi ya kwetu? Wanawake wa kwetu? Ningeingia mbio, tumbo hili na vyote. Halafu ningekuomba radhi maisha yangu yote."

"Sasa unaniambia."

"Nakuambia kwa sababu nakushukuru. Nilikaa naye siku nne. Hakuna aliyenigongea mlango. Lakini sitaki ufikiri mimi ni mtu mwema kama wewe."

Lorna alisema si kitu. Aliendesha gari kwa muda wa saa tatu kurudi nyumbani, ngano iko kwenye kiti cha pembeni, na njia nzima alijaribu kukasirika. Mtu akiambiwa vile ana haki ya kukasirika. Hasira haikuja.

Kura za maoni zilifanyika katika ukumbi wa mji wa Wirrapinna, wanachama hamsini, sahani za vikeki vya chokoleti vilivyoviringishwa kwenye nazi, na birika kubwa la chai linalovuja. Mpinzani wake aliitwa Ashby Rowe, kijana wa ofisi ya Brodie, aliyenunua buti za shambani wiki ile; lebo ilikuwa bado chini ya soli. Noelene wa duka la mikate, ambaye kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyempikia Lorna keki ya ushindi, alisimama kuuliza swali.

"Hebu tueleze kama tunavyoeleza watoto. Ulikuwa ndani ya jengo?"

"Ndiyo."

"Mzima? Huumwi popote?"

"Mzima."

"Na ungeingia, wodi ingebaki?"

"Kwa hesabu ya siku ile, ingebaki."

"Sasa huyo Vasili, yeye ni nani kwetu sisi? Alishawahi hata kununua mkate hapa?"

Watu walicheka kidogo. Lorna akaeleza jozi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona nyuso zinavyofungika. Pale bungeni kila mhudumu wa mlangoni anajua jozi ni nini. Hapa ilisikika kama mchezo wa watu walioshiba. Alikwisha kuhesabu kabla hawajapiga: tisa kwa arobaini na moja. Zikaja tisa kwa arobaini na moja. Akampa Ashby mkono, akamsaidia Noelene kuosha vikombe.

Wodi ilifungwa Desemba. Pazia za bluu zilitolewa nje zikagawiwa bure, mwenye kutaka achukue.

Uchaguzi ukaja Machi, Jumamosi, kama chaguzi zote. Safari hii kila mtu alijua serikali inaanguka. Hata serikali ilijua. Lorna alisimama kwenye lango la shule ya msingi tangu saa mbili asubuhi, amevaa fulana ya chama iliyoandikwa ROWE mgongoni, akigawa karatasi za kuonyesha wapiga kura namna ya kuwapanga wagombea kwa namba. Aliombwa, akakubali. Ndivyo inavyofanywa. Chini ya turubai wazazi wa shule walikaanga soseji na vitunguu, na foleni ilianzia kwenye soseji kabla ya kufika kwenye kura. Katika karatasi alizogawa palikuwa na ahadi sita za Ashby Rowe na Brodie Hallam. Alizisoma zote sita. Wodi ya wazazi haikuwamo.

Jumatatu chama chake kingeingia madarakani, baada ya karibu miaka ishirini. Yeye angekuwa anakamua ng'ombe.

Saa nne hivi mwanamke kijana alitoka kwenye foleni akamjia. Alimfahamu: Keely Noske, binti wa fundi trekta, aliyekuwa akicheza netiboli na binti wa Lorna. Amembeba mtoto kifuani kwa kitambaa.

"Karatasi?" Lorna alisema, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea.

"Sitaki karatasi, mama Pascoe. Nimekuja na swali tu."

"Uliza, mwanangu."

"Kengele inalia dakika ngapi?"

"Nne."

"Dakika hizo nne ulikuwa unafanya nini? Sina ugomvi. Nataka kujua tu. Nimekaa na hili jambo wiki tisa, nikimnyonyesha nawaza, alikuwa anafanya nini?"

Lorna angeweza kumweleza jozi. Alikuwa ameieleza mara nyingi na sasa alijua maneno yake yote.

"Nilichemsha maji," alisema. "Nikanywa chai."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Keely akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea.

"Huyu anaitwa Lachlan. Tulitoka nyumbani jua linazama, kangaruu wamejaa barabarani, mume wangu Dale hawezi kukanyaga mafuta. Alizaliwa pale malori yanapopumzika, kabla ya njia panda. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Dale alikuwa anashika simu, mwanamke wa gari la wagonjwa anamwambia la kufanya, na simu inakatika-katika. Alikaa bila hewa. Hawasemi muda gani. Wanasema tungoje tuone."

"Mnaona nini?"

"Hageuki. Ukimwita hageuki. Wanasema wengine huchelewa."

Akaanza kufungua kitambaa. Lorna hakuelewa anachofanya mpaka mtoto alipokuwa hewani baina yao.

"Mshike."

"Keely—"

"Mshike bwana. Nikapige kura, halafu nile soseji kwa mikono miwili. Wiki tisa sijala kwa mikono miwili."

Karatasi zilimtoka Lorna mkononi zikatawanyika langoni, na watu wakazikanyaga. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, moto, ananuka maziwa. Macho yalikuwa wazi, ya kijivu, yakitazama ukingo wa turubai. Keely alikwisha rudi kwenye foleni, hakuangalia nyuma.

"Lachlan," Lorna alisema.

Mtoto alitazama turubai.

Mtu mmoja akamwomba karatasi, hakumsikia. Kitu kilikuwa kinamjia toka chini, na kilimuuma kiasi kwamba ilimbidi aegemee nguzo ya lango. Ilikuwa ni hofu. Na nyuma ya hofu, huzuni, yote, ya wodi na ya miaka. Hakuwa na mahali pa kuiweka, mikono ilikuwa na mtoto.

"Lachlan," aliita tena, kwa nguvu zaidi. "Lachlan! Mwanangu! Tazama huku!"

Aliita mpaka sauti ikapasuka, na foleni yote ikageuka kumtazama, waliokuwa na soseji na waliokuwa hawana, Keely naye, kila mtu isipokuwa mtoto.